Kuingia hekalu la Wahindu Kisutu, na kujiandaa kuliona sanamu la Murugan

Nauza maua na nazi Kisutu, Dar es Salaam, jirani na mahekalu ya Wahindu, na swali ninaloulizwa kuliko hata bei ya asumini ni hili: "Mama, hivi na sisi tunaruhusiwa kuingia mle ndani?" Wanaouliza ni wanachuo, makarani wanaotoka mahakamani, kina mama waliokuja kununua viungo. Wengine wamepita mbele ya milango ile tangu wadogo. Wanasikia kengele, udi unawafikia puani, wanaona viatu vimejaa barazani, lakini hawajathubutu kumuuliza mlinzi. Jibu ni ndiyo. Mahekalu mengi hupokea wageni wa dini nyingine, mradi uje kwa adabu na kwa wakati wake.

Siku hizi limezuka swali la pili. Vijana wetu wanasoma Malaysia, wafanyabiashara wanapita Kuala Lumpur, na anayerudi hakosi picha ya sanamu refu la dhahabu lililosimama kando ya ngazi za rangi nyingi. Huyo ni Murugan, mungu wa Kihindu, pale Batu Caves, mapango yenye hekalu nje ya mji huo. Wengi wanapiga picha, wanapanda, wanashuka, basi. Mimi naona mtu wa Dar ana bahati ambayo hajaitumia: anaweza kujifunza Kisutu, kwa nauli ya basi la mwendokasi tu, kisha akafika kule akijua amesimama mbele ya nani. Kwa hiyo nitaanza na ziara ya hapa nyumbani, halafu ile ya mbali.

Niseme pia kwamba mimi ni Mwislamu. Nimeingia mahekaluni kupeleka maua, nimeingia kwa kualikwa, na hakuna aliyewahi kunitaka niabudu. Kuzuru si kuabudu. Kama moyo wako una wasiwasi, zungumza kwanza na sheikh au mchungaji wako, uje ukiwa umetulia.

Ujue unaingia kwa nani

Kwanza hakikisha nyumba yenyewe. Watu wanadhani kila Mhindi ni Mhindu. Katika mji huu Waismailia wana jamatkhana, Mabohora na Ithnaasheri wana misikiti yao, Wagoa wengi ni Wakatoliki, na Makalasinga wana gurdwara, ambako kufunika kichwa ni lazima wakati kwenye hekalu la Wahindu si lazima. Majaini nao wana mahali pao, na dini yao ni nyingine. Ukitokea Kimara au Ubungo, panda mwendokasi wa Kivukoni, shuka kituo cha Kisutu. Ukiuliza "kwa Wahindi" utaonyeshwa nusu ya mji. Uliza hekalu la Wahindu mtaa wa Kisutu, au taja jina, kwa mfano Swaminarayan, na hata muuza kahawa atakuelekeza.

Pili, na hili ndilo kubwa kuliko mavazi na viatu. Sisi wa Dar sanamu tunalolijua ni la Bismini, yule askari wa shaba aliyesimama katikati ya mji tangu mwaka 1927 na bunduki yake. Tunapatana kukutana pale, tunapita, hakuna anayemsalimia. Ukiingia hekaluni na fikra za Bismini hutaelewa kitu.

Umbo la mungu lililoko mbele linaitwa murti. Likitoka kwa fundi bado ni jiwe. Kwenye mahekalu ya Wagujarati, ambao ndio wengi hapa kwetu, mara nyingi ni marumaru nyeupe. Kisha hufanyiwa ibada iitwayo prana pratishtha, ya kuliombea pumzi ya uhai, na tangu hapo Wahindu humhudumia aliyemo kama mwenye nyumba aliye macho. Anaamshwa alfajiri, anaogeshwa, anavishwa, anapelekewa chakula, anapumzishwa mchana, analazwa usiku. Wateja wangu wa alfajiri hawana simile. "Mama Maua, fanya haraka, Bhagwan anaamka!" Hapo hata salamu hupungua. Maua ya kumvisha asubuhi hayawezi kufika saa nne.

Ukilishika hilo, adabu nyingine zote zinajieleza. Pazia likiwa limefungwa huchungulii, kwa sababu anavishwa, anakula au amepumzika. Humpi mgongo ukajipiga picha. Husimami katikati ya murti na mtu aliyekuja kuomba, maana Mhindu hafuati kumwona mungu tu, anafuata pia kuonwa naye. Kuonana huko wanakuita darshan, na ukimziba mtu umemkatiza. Simama pembeni kidogo, utaona vizuri vilevile.

Saa, nguo, viatu

Mchana katikati mahekalu mengi hufungwa. Nenda asubuhi, au jioni giza linapoingia, wakati wa aarti, ibada ya taa. Siku za Navaratri, zile tisa za ngoma ya garba, na siku ya Diwali, umati ni mkubwa; panapendeza mno lakini hapafai kwa mtu wa mara ya kwanza. Chagua siku ya kawaida ya katikati ya wiki. Kama una jirani au mfanyakazi mwenzako Mhindu, mwombe akupeleke, kwani wengi hufurahi sana kuombwa hivyo. Kama huna, nenda mchana kumuuliza mlinzi saa za kufungua, na umwambie unataka kuja kutembea. Mkiwa kundi, shule kwa mfano, ni lazima muombe ruhusa mapema.

Funika mabega na magoti. Dera, baibui, suruali ndefu, kanzu, vyote vinafaa. Usiingie na nyama mkobani, hata mishikaki iliyofungwa vizuri, wala sigara wala pombe. Mkanda na pochi ya ngozi huwakera baadhi ya wazee, basi viache nyumbani. Na kwa kina dada: kwa desturi mwanamke aliye kwenye siku zake hasogei madhabahuni. Hakuna atakayekuuliza, ila ni vizuri ujue mwenyewe.

Viatu vinavuliwa nje au kwenye rafu mlangoni. Vaa vya kuvua upesi. Sakafu ya ua huchoma saa za jua, na soksi zinaruhusiwa.

Maua na nazi

Hapa mtanivumilia, maana ndipo ninapokula.

Mgeni halazimiki kupeleka chochote. Na kama dini yako haikuruhusu kutoa sadaka mbele ya murti, usitoe kwa kuona haya, hakuna anayekuhesabia. Lakini ukimsindikiza rafiki utabebeshwa kikapu chake, na kukibeba kuna adabu yake. Usikiweke chini sakafuni. Usikiruke. Shika kwa mkono wa kulia au kwa mikono yote miwili. Na usinuse maua. Hili watu wa pwani linatushinda, kwa sababu sisi asumini tukiipata kwanza tunaipeleka puani. Kwao harufu ya kwanza ni ya mungu. Ua likishanuswa limeshatumika. Nimeona bibi mmoja akirudisha shada zima kwenye meza yangu kwa sababu kijana aliyetumwa alilinusa akiwa njiani. Nilimpa lingine, naye alishukuru kwa moyo. Ua lililoanguka chini nalo halipelekwi.

Kila mungu ana upendeleo wake, na wauzaji tunaujua kwa sura za wanunuzi. Maua ya njano na ya chungwa, galgota kama wanavyoyaita Wagujarati, hutungwa mashada ya karibu kila ibada. Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, hupenda ua jekundu. Krishna hupelekewa majani ya tulsi, jamii ya mrehani, lakini tulsi hiyohiyo haipelekwi kwa Ganesha. Shiva ana majani ya mti wa bilva. Anayeniambia "nipe ya Mahadev" anataka ya Shiva, na simpi tulsi.

Nazi ndiyo kipimo cha muuzaji. Nazi ya kupikia naifua hadi inabaki upara. Nazi ya hekaluni naiachia kishungi cha makumbi juu, pale palipo macho matatu. Bila kishungi haichukuliwi. Kisha mnunuzi anaitikisa sikioni asikie maji, anaizungusha juani akitafuta ufa. Nazi kavu isiyo na maji inarudishwa hata kama nimepunguza bei. Hekaluni itavunjwa, maji yatatolewa, na vipande vitarudi kwa watu kama chakula kilichobarikiwa. Ukiona mtu amekumbatia nazi yenye kishungi ndani ya mwendokasi, mpishe kiti, ana safari ya heshima.

Ukishaingia

Ruka kizingiti, usikikanyage. Kengele iliyoning'inia hugongwa na anayeingia kuomba. Wewe mgeni si lazima uiguse, na watoto wasiifanye mchezo. Wazee wengi wa Kihindu wa mji huu wamezaliwa hapahapa, wanazungumza Kiswahili. Waamkie kama unavyomwamkia mzee yeyote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu. Umekuja kuangalia?"

Sema ndiyo, nimekuja kutembea, nataka kujifunza. Basi, umeshapata mwenyeji. Ukisikia "Jai Shri Krishna", au kwenye hekalu la Swaminarayan "Jai Swaminarayan", ni salamu yao. Unaweza kuitikia kwa kuinamisha kichwa kidogo. Kuhani wanamwita maharaj. Usimguse wala kumpa mkono wakati yuko kwenye kazi ya ibada, maana ameoga na kujitakasa kwa ajili hiyo.

Ukitaka kuzunguka, zunguka ukiiweka murti upande wako wa kulia, kama akrabu ya saa inavyokwenda. Kwenye mahekalu ya Swaminarayan wanaume hukaa mbele na wanawake nyuma. Sisi tuliozoea misikitini hatupati shida. Kukaa ni sakafuni. Miguu ikunje. Nyayo zisielekee madhabahuni.

Aarti ikianza, simama kama wenzako. Sinia yenye tambi zilizochovywa samli huwashwa na kuzungushwa taratibu mbele ya murti, huku kengele na ngoma zikipigwa na watu wakiimba wimbo wanaoujua wote, watoto na wazee. Muda si mrefu, lakini ukiwa ndani sauti ile inakufunika mwili mzima. Ikiisha, sinia hupitishwa kwa watu. Kila mmoja hupitisha viganja juu ya moto, kisha huvigusisha machoni na kichwani. Ikifika kwako unaweza kuinamisha kichwa ikapita. Wengine huweka hela kwenye sinia; wewe ukitaka kuchangia, tumbukiza kwenye sanduku. Usimpe maharaj mkononi na usitangaze kiasi.

Sasa prasad. Hiki ndicho kitu kinachowatia wageni jasho. Ni chakula kilichotolewa kwanza mbele ya murti: sukari mawe, ndizi, kipande cha nazi, tamutamu. Kwa Mwislamu kuna hukumu yake, na Mkristo naye anayajua maneno ya Paulo kwa Wakorintho. Amua kabla hujafika. Ukikubali, pokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa chini yake, ule, au ufunge kwenye leso uende nacho. Ukikataa, kataa kabla hakijakugusa mkono: weka kiganja kifuani, tabasamu, sema "nashukuru sana". Wakazi wa mji huu wamekaa pamoja miaka mingi mno kushindwa kuelewana juu ya hilo. Kisichovumilika ni kupokea, halafu kionekane kimetupwa kwenye mtaro wa nje. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na liliniuma mimi nisiyekuwa wa dini hiyo.

Picha: jengo kwa nje, sawa. Ndani, omba. Murti, mara nyingi utakataliwa, na usibishane. Simu iwe kimya.

Kabla ya kutoka, mtafute Ganesha. Karibu kila mahali pana kwake. Mtazame vizuri, mwenye tumbo, panya wake yuko miguuni. Mtazame na Hanuman, mwenye sura ya nyani. Hawa wawili utawakuta tena ng'ambo ya bahari.

Ng'ambo: kwa ndugu yake Ganesha

Murugan utamtafuta sana kwenye mahekalu ya Wagujarati na hutamwona mara nyingi. Yeye ni kipenzi cha Watamil wa kusini mwa India, na Watamil ndio waliopelekwa na Waingereza Malaya kufanya kazi kwenye mashamba ya mpira na reli. Lakini ni wa familia ileile: baba ni Shiva, mama ni Parvati, ndugu ni Ganesha.

Wanasimulia kwamba wazazi walikuwa na tunda moja, nalo lingekuwa la atakayetangulia kuizunguka dunia. Murugan akapanda tausi wake akaruka. Ganesha, mzito na mwenye panya, akawazunguka baba na mama yake, akasema dunia yangu ni ninyi. Akapewa tunda. Murugan aliporudi akakuta shughuli imekwisha, akaondoka kwa hasira akaenda kukaa mlimani. Ndiyo maana mahekalu yake hupenda vilima, na ndiyo maana utapanda ngazi. Mtu aliyesikia kisa hiki hazihesabu zile ngazi kama adhabu.

Nilipokwenda Kuala Lumpur kumtembelea kijana wangu aliyekuwa akisoma huko, nilianzia mjini, kwenye hekalu la Sri Mahamariamman lililoanzishwa mwaka 1873. Nawashauri mfanye hivyo. Lina mnara wa mlangoni uliojaa maumbo ya miungu kwa rangi zote, na ni hapo mnajizoeza tofauti za Kitamil: maharaj wao hutoa majivu meupe ya kupaka kipaji, pale ambapo wa Kisutu wangekutia doa jekundu. Mwanzilishi wake, K. Thamboosamy Pillai, ndiye pia aliyeweka hekalu la Murugan kwenye mapango ya Batu, karibu mwaka 1891. Inasemwa mdomo wa pango ulimkumbusha mkuki wa Murugan, vel, uliopanuka katikati na kuchongoka ncha.

Kwenda ni rahisi. Kutoka stesheni ya KL Sentral kuna treni ya KTM Komuter mpaka stesheni iitwayo Batu Caves. Mapango yako kama kilomita 13 kaskazini mwa mji. Nenda asubuhi mapema. Joto lao ni la Dar ya Februari, na mabasi ya watalii hufika baadaye. Kwenye mkoba weka maji na kanga. Kanga moja tu. Waliovaa kaptura au sketi fupi husimamishwa chini ya ngazi, wakodishiwe kitambaa. Wewe unajifunga yako unapita.

Ukitoka stesheni, wa kwanza kukupokea ni Hanuman, wa kijani, mita 15, mlangoni mwa pango la Ramayana, utenzi wa kale wa Wahindu. Wengi wanampita mbio wakikimbilia dhahabu. Simama kidogo, huyu umemwona Kisutu akiwa mdogo wa kutosha kubebwa na watu wawili.

Kisha uwanja unafunguka, njiwa wamejaa, na Murugan yuko mbele yako. Mita 42.7. Lilizinduliwa Januari 2006 baada ya miaka mitatu ya ujenzi. Mafundi walitoka India, na ndani yake kuna zege la mita za ujazo 1,550 na nondo tani 250. Rangi ya dhahabu, lita 300, ililetwa kutoka Thailand. Lilikuwa refu kuliko masanamu yote ya Murugan duniani hadi mwaka 2022, lilipozinduliwa jingine refu zaidi karibu na Salem, Tamil Nadu. Usisimame miguuni pake, maana pale utaona magoti tu. Rudi nyuma hadi karibu na maduka, ndipo uso unaonekana, na mkono ulioshika vel. Ule mkuki alipewa na mama yake kwenda kumpiga pepo Surapadman, na kwa waumini ndio ukali wa akili unaokata ujinga. Jua la asubuhi likimpiga, hutaweza kumtazama muda mrefu.

Sasa yale ya Kisutu yanafanya kazi. Watalii wengi wanadhani wameshafika, kwamba lile kubwa ndilo lenyewe. Muumini hasimami hapo. Anainua mikono mara moja, anaendelea kupanda, kwa sababu anayekwenda kuonana naye yuko juu pangoni, kwenye murti ndogo inayoogeshwa na kuvishwa na kulishwa kila siku. Lile la nje ni la kumwonyesha Murugan kwa aliye mbali. Ukiishia chini umeona lango.

Ngazi ni 272. Zamani hapakuwa na ngazi. Za mbao zilijengwa mwaka 1920, za zege zikafuata, na rangi hizi za upinde wa mvua zilipakwa mwaka 2018. Vidato vyake ni vyembamba na vinapanda wima, basi shuka kwa kuupa ukuta ubavu kama una magoti mabovu. Mwenye moyo au pumzi ya shida abaki chini bila kujilaumu. Pana vihekalu vya kutosha na pango la Ramayana. Viatu unapanda navyo, ingawa waumini wengi hupanda miguu mitupu, ila kila unapofika penye murti unavua.

Kuna ngedere kila mahali. Mfuko wa plastiki kwao ni chakula, hata ndani mna kanga tu. Usishike ndizi, chupa wala karatasi ya biskuti mkononi, miwani ya jua itie mkobani, na mtoto mwenye pipi mwambie aimalize chini.

Juu pango linapanuka mpaka unanyamaza mwenyewe. Dari iko mbali sana, maji yanadondoka, na mwanga unaingia kwa mashimo ya juu. Mwisho kabisa kuna ngazi nyingine fupi hadi sehemu iliyo wazi kwa anga, yenye kihekalu kidogo. Wengi hawafiki. Nenda. Kaa pembeni, subiri ibada ianze, na ufuate yote uliyojifunza: mkono wa kulia, usizibe njia, picha kwa ruhusa.

Kwa upande wangu, nilikaa muda mrefu zaidi chini, kwa wauza maua. Sisi Kisutu tunatunga kwa sindano na uzi. Wale kina mama wa Kitamil hawatumii sindano. Anashika vikonyo viwili vya asumini huku, viwili kule, uzi unapita kwa kidole kimoja, anakaza fundo, na shada linakua kama linatoka mkononi mwenyewe. Hakitoboki kikonyo hata kimoja, kwa hiyo ua halinyauki upesi. Niliomba nijaribu, na dada mmoja akanishika vidole akanionyesha polepole mpaka nikaweza. Sasa nafunga hivyohivyo hapa, na mashada yangu yanafika jioni yakiwa mabichi. Ukipita pale nunua kipande cha kichwani, ujitie nyweleni. Wanawake wao na wetu wanapenda kitu kimoja, na hilo ua la kujipamba ruksa kulinusa.

Kama utaangukia Thaipusam

Thaipusam, sikukuu ya Murugan, huwa mwezi mpevu wa mwezi wa Kitamil uitwao Thai, yaani Januari au Februari, na Batu Caves imefanyika tangu mwaka 1892. Ndiyo siku ya kukumbuka Murugan alivyopewa vel. Gari la fedha hutoka Sri Mahamariamman usiku na kusindikizwa kwa miguu hadi mapangoni. Njiani watu huvunja nazi kwa malundo, na lori zima la nazi huisha kwa muda mfupi. Mimi niliyeizoea nazi moja moja yenye kishungi niliposimuliwa na wenyeji nilishika kichwa. Waumini hubeba vyungu vya maziwa, au kavadi, mizigo ya nadhiri iliyopambwa, na baadhi hujitoboa ngozi, ulimi na mashavu kwa vyuma baada ya kufunga na kujitakasa kwa siku nyingi. Ukiwa mwepesi wa kuzimia kwa kuona hivyo, chagua siku nyingine.

Ukiamua kwenda, nenda na treni, kwa sababu barabara hazipitiki. Kula kabla. Mpishe aliyebeba kavadi, usimguse, usimsimamishe kwa ajili ya picha. Ana nadhiri na ngazi zote zile mbele yake. Watoto wadogo waache na mtu. Na pangeni mapema mtakapokutana mkipotezana, maana simu hazisikiki katika kelele ile: semeni kwa Hanuman, karibu na stesheni, kwani miguuni pa Murugan kila mtu amepatana kukutana palepale.